Uzi Chini ya Bei

Jumatatu, 3 Machi

Katika maisha yangu yote sijawahi kupinda mstari. Miaka arobaini na mitatu nimekata nguo za mabwana harusi, za mahakimu, na za wezi waliokwenda kuhukumiwa na mahakimu hao hao, na hakuna mstari wangu hata mmoja uliokwenda kombo.

Nimeisoma tena sentensi hiyo, imenichekesha mwenyewe. Kuna bwana harusi alitembea mbele ya watu mia mbili, mguu mmoja wa suruali unafagia sakafu na mwingine unachungulia soksi. Na mwaka juzi nilichora mstari chini ya bei ya hisa zangu za kiwanda cha sukari, nikasema hapa hazivuki. Zikavuka. Kiwanda kikafungwa, mstari wangu ukabaki ukutani umenyooka kama askari aliyesahauliwa lindoni.

Naandika kwenye daftari langu la zamani la vipimo. Ukurasa wa kushoto una viuno vya watu, mimi nakaa kulia. Naandika kwa sababu kuanzia leo nina kazi yenye tarehe.

Shemeji amekuja. Ni mjane wa kaka yangu marehemu, anakaa nyumba ya nne kutoka hapa kwa binti yangu ninakoishi. Ana mtoto wa jicho, tena mapacha, mmoja kila upande. Nilipomuuliza baba wa mapacha hao ni nani, akanipiga na kikapu. Hakunipata vizuri, maana haoni vizuri.

Daktari wa macho amemwambia upasuaji ufanyike kabla Mei haijaisha. Baada ya hapo daktari anaondoka kwenda masomoni, na mwingine wa kumrithi hajapatikana. Kaka alimwachia hisa elfu moja za kampuni ya saruji, alikofunga mifuko mpaka mapafu yakawa ya kijivu. Hisa ikiuzwa kwa thelathini, inatosha jicho moja. Ikifika arobaini na sita, yanatosha mawili, kwa kuwa ukichukua yote mawili kuna punguzo, kama soksi.

Leo bei ni thelathini na saba.

"Niambie niuze lini," akasema. "Wewe ndiye unayejifanya unaona mbele. Mimi hata mlango wako nimeuona kwa paji la uso."

Jumanne, 4 Machi

Nimetundika chati. Ni karatasi ya kaki ya kukatia mitindo, upana wa ukuta mzima kutoka kitandani hadi dirishani. Nimeitengeneza kwa namna ambayo Shemeji ataisoma kwa vidole.

Bei ya kila siku, tangu Januari, ni kifungo cha shati, nimekibandika kwa gundi. Bei ikipanda kifungo kinakaa juu, ikishuka kinakaa chini. Mahali bei iliposhuka halafu ikainuka, nachoma pini. Kisha navuta uzi mweusi wa kushonea suti kutoka pini hadi pini, umekazwa mpaka unalia ukiugusa. Huo ndio mstari wangu, unapita chini ya vifungo kama pindo la gauni. Bei ikikaa juu ya uzi, safari bado. Ikikatika chini yake, shuka garini.

Chini kabisa nabandika vipande vya kitambaa, kimoja kila siku. Hiki ni wingi, yaani hisa ngapi zimenunuliwa na kuuzwa siku hiyo. Kila hisa elfu moja, sentimita moja. Mimi sishiki namba kichwani. Nikishaipata nakata, nabandika, naisahau. Ukuta ndio unaonikumbusha.

Shemeji akapitisha kidole. "Na hivi vitambara vya nini, unaanika nepi?"

"Bei ni mdomo, wingi ni miguu," nikamwambia. "Mtu anaweza kupiga kelele twendeni, twendeni, mpaka mishipa ya shingo imtoke. Wewe usimtazame mdomo. Hesabu wangapi wanamfuata."

"Kaka yako alikuwa na mdomo mdogo na miguu mikubwa."

"Na mimi?"

"Wewe ni kelele tupu, Shemeji."

Nimechora pia mistari miwili ya chaki iliyolala. Ule wa thelathini nimeuandika JICHO MOJA. Ule wa arobaini na sita, MACHO MAWILI.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua ya kwanza. Bati linanguruma. Bei imelala.

Jumapili, 9 Machi

Siku ya sindano. Binti yangu ni mwalimu na huongea na mimi kama vile nimechelewa kurudisha kitabu, lakini kila Jumapili hunitungia sindano saba na kuzichoma kwenye pazia, moja kwa kila siku. Tangu macho yangu yaanze kuona matundu mawili kwenye sindano yenye moja, najaribu kulenga lile la katikati.

Shemeji ameleta gauni lililochanika kwapani. Nimelishona likarudi kama halijawahi kuachana na mkono wake.

"Nikulipe nini?"

"Ukipona utanitungia sindano. Mwalimu huyu ananitungia huku ananisomea makosa yangu ya wiki nzima."

"Nitakutungia, hata kumi."

Nimeandika hapa ili iwe ushahidi. Daftari hili naliacha wazi mezani. Binti hasomi chochote kisichohitaji kalamu nyekundu, na Shemeji haoni.

Ijumaa, 14 Machi

Leo bei imeshuka hadi thelathini na sita, kifungo kikagusa uzi kabisa. Nilizunguka chumbani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Pini zangu zilikuwa mbili tu, ya Januari na ya Februari, na nukta mbili hata mlevi anaziunga. Ya tatu ndiyo shahidi.

Jumatatu, 17 Machi

Imedunda! Thelathini na saba na nusu, na kitambaa cha sentimita tisa. Nimechoma pini ya tatu. Nilikwenda hadi kwa kinyozi nikiwa nimevaa kandambili zisizofanana.

Kinyozi ndiye anayenunua gazeti. Wateja wake wakishalisoma, jioni ananipa na nywele zao ndani.

"Mzee Uzi," akasema, "bei hupanda kwa sababu hupanda."

"Na kipara?"

"Kipara hakina soko."

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Hakuna jipya.

Jumatatu, 24 Machi

Thelathini na tisa. Shemeji huja kila siku saa kumi. Hatua arobaini na moja kutoka kizingiti chake hadi changu, anazihesabu kwa sauti. Namsikia tangu ya ishirini hivi, kabla hajafika kwenye ubao wa mtaro. Ikifika ishirini na tano nakaa kitini na kujifanya nilikuwa nasinzia.

Leo amehesabu arobaini na tatu. "Matope yamefupisha miguu," akasema.

Jumanne, 1 Aprili

Siku ya wajinga. Nimemwambia Shemeji soko la hisa limehamishiwa kwa kinyozi. Ameamini kwa dakika nzima, akauliza kama wananyolewa kwanza.

Jumatano, 9 Aprili

Nimekalia miwani. Imekufa yote, vioo na mikono. Fundi wa miwani anasema lenzi kama zangu zinaagizwa mbali, wiki sita au saba.

"Baba," binti akasema, "ulikuwa unatafuta nini kitini?"

"Miwani."

Hakucheka. Walimu wameshayasikia yote.

Kuanzia leo kinyozi atanisomea bei na wingi, mimi nakata na kubandika. Hapa naandika kwa herufi kubwa kama kibao cha duka, na viuno vya watu vimeanza kuingia kwenye maneno yangu.

Jumatano, 16 Aprili

Arobaini na mbili! Na wingi ndio usiseme. Vipande vya wiki hii vinaning'inia kama ndimi za mbwa waliokimbia. Watu wananunua saruji kama wanajenga ngazi ya kupanda mbinguni.

Nikasema hivyo mbele ya Shemeji na binti.

"Mvua hii nani anajenga?" binti akauliza.

"Watu wanaojua mvua itakwisha."

"Baba, arobaini na mbili. Mimi na wenzangu shuleni tukichanga kidogo, Mama Mkubwa anapata macho yote mawili kesho. Uzeni."

Shemeji akainua kidevu. "Sitembezewi bakuli. Marehemu aliacha mali yake."

"Mama Mkubwa, siyo bakuli, ni..."

"Ni bakuli lenye jina zuri. Fundi, kitambaa kinasemaje?"

Nikamshika kidole nikakipitisha. Wiki baada ya wiki, bei juu, miguu nyuma yake. Nikasema kwa sauti ya daktari: wanunuzi wamejaa, tusubiri arobaini na sita.

Jumatatu, 21 Aprili

Mvua siku ya nne mfululizo. Nimefungua uzi nikaufunga upya, haukuwa na kosa.

Ijumaa, 25 Aprili

Arobaini na nne. Shemeji ametia chumvi kwenye chai yake, akainywa yote ili nisijue. Nilijua. Mtu hakunji uso namna ile kwa sukari.

Jumatano, 30 Aprili

Arobaini na tano kasoro. Siwezi kukaa. Nimepiga pasi mapazia yakiwa dirishani.

Jumanne, 6 Mei

Arobaini na sita. Kifungo kimekaa juu ya mstari wa chaki kama jogoo juu ya ukuta.

Kinyozi alipoisoma namba, nilimwomba aisome tena, na tena, mpaka mteja mwenye povu usoni akasema, "Mzee, hata mimi nimeishika sasa."

Shemeji alikuja saa kumi. Hatua arobaini na moja kamili. Nikampeleka kidole hadi kwenye kifungo, kisha kwenye chaki. Akakigusa mara mbili, kama mtu anayehakikisha mtoto amelala.

"Macho mawili," akasema.

"Macho mawili."

"Basi tumpigie dalali, auze."

Hapa ningeweza kuandika kwamba nilitazama uzi na vitambaa na utaalamu wangu ukaniambia tusubiri. Hivyo ndivyo nilivyomwambia. Nilisema safari yenye miguu mingi hivi haiishii mlangoni, na ikifika hamsini atakarabati na paa pia. Nilisema mstari haujavunjika, na mstari usiovunjika haukatizwi. Maneno mazuri kabisa. Nilishona kanzu nzima bila kupima mtu.

Daftari halina mdomo, basi nilitapikie. Alipotamka "auze," niliona ukuta mtupu. Hisa zikishauzwa chati inashuka, na chati ikishuka Shemeji anaenda kuona dunia, na saa kumi itakuwa saa tu kama saa nane. Nani ataniita kelele tupu? Nilimwambia asubiri kwa sababu ya hatua arobaini na moja. Hiyo ndiyo hesabu niliyopiga. Saruji haikuwamo.

"Wewe ndiye fundi," akasema, akarudi kwake kwenye mvua akihesabu.

Alhamisi, 8 Mei

Arobaini na saba. Mnaona? Nilisema.

Ninamwambia nani "mnaona"? Chumbani niko peke yangu na viuno vya watu.

Jumatatu, 12 Mei

Arobaini na tano. Bei inapumua tu.

Jumatano, 14 Mei

Arobaini na tatu. Daktari amepiga simu kwa binti: nafasi ya mwisho ni Jumanne ya tarehe ishirini na saba. Binti alinieleza akiwa amesimama mlangoni na viatu vya matope, hakuingia.

"Baba, wewe unajua unachofanya?"

"Uzi bado uko chini. Ikishuka mpaka kwenye uzi itadunda, kama Machi."

"Nimekuuliza wewe, sijauliza uzi."

Ijumaa, 16 Mei

Mvua ya asubuhi ilibeba ubao wa mtaro. Kila mtu mtaani aliona kwamba haupo, isipokuwa mtu mmoja.

Nilimsikia akihesabu. Ishirini na nne, ishirini na tano. Nikaenda kukaa kitini, kama kawaida yangu, nijifanye nasinzia. Ishirini na sita. Halafu nikasikia mtaro.

Sijui nilifikaje. Nilikuwa ndani ya maji hadi magotini, nimemshika kwapani, palepale nilipolishona gauni, na mshono haukuachia. Gauni lilishika kuliko mimi. Kinyozi alikuja na taulo yake shingoni, mteja nyuma yake kanyolewa nusu kichwa, tukamtoa sote watatu. Goti limechanika, mkono umevimba, hakuna mfupa uliovunjika. Mkononi alikuwa bado amekamata kandambili moja.

"Bei gani leo?" akaniuliza, meno yakigongana.

"Arobaini."

"Umesikia, kinyozi?" akasema. "Hisa zimeshuka, na mimi nimeshuka nazo. Mke wa mtu wa saruji haachi kampuni."

Wote wakacheka. Mimi nilikuwa natafuta kandambili ya pili kwenye maji, nikaendelea kuitafuta hata baada ya kinyozi kuniambia ameshaipata.

Jumamosi, 17 Mei

Nimegongelea ubao mpya kwa misumari kumi na minane. Unaweza kupitisha gari moshi.

Jumatatu, 19 Mei

Nitaandika taratibu, maana leo nimevuliwa nguo.

Shemeji alikuja saa kumi, bandeji gotini, binti kamshika mkono. Bei ni thelathini na tisa, kifungo kimekalia uzi sawasawa, na chati imefika mahali pa kuuliza: itadunda, au itapita chini? Kinyozi alikuwa amesoma wingi: elfu nane. Nikakata kitambaa, nikakibandika, kinaning'inia karibu kufika sakafuni. Nikamwambia Shemeji, tazama, umati umekuja kuipokea bei kwenye uzi. Itadunda.

Akagusa kile kitambaa. Akarudi nyuma na kidole, taratibu, mpaka Machi. Akasimama.

"Tarehe kumi na saba Machi ulisema ngapi?"

"Sishiki namba, Shemeji."

"Mimi nazishika. Mtu asiyeona anaishi kwa kuhesabu. Ulisema elfu tisa." Akakipima kwa shubiri yake. "Elfu tisa haijajaza shubiri moja. Leo ni elfu nane, ambayo ni pungufu. Mbona imejaza shubiri na inaendelea?"

Nikasema labda karatasi imevimba kwa unyevu.

"Na tarehe kumi na sita Aprili, ulipotuambia watu wanajenga ngazi ya mbinguni, kinyozi alikuwa amesoma elfu nne. Nilimuuliza mwenyewe. Elfu nne, na hiki hapa ni kirefu kuliko elfu tisa. Fundi, vitambaa vyako vimekula nini?"

Binti alinyoosha mkono akaichukua futi yangu ya utepe niliyoivaa shingoni, akaigeuza upande mmoja, akaigeuza upande wa pili.

Kila fundi ulimwenguni anajua futi ina pande mbili. Upande mmoja sentimita, upande mwingine inchi. Namba ni zile zile, moja, mbili, tatu. Nafasi ndiyo tofauti, inchi moja inameza sentimita mbili na nusu. Tangu nikalie miwani nimekuwa nikiona namba tu. Tangu tarehe tisa Aprili nimekuwa nikikata inchi.

Miaka arobaini na mitatu. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza nilimpiga kofi kwa kosa hilo.

"Yaani," Shemeji akasema polepole, "bei ilipokuwa inapanda, watu walikuwa wanapungua."

"Ndiyo."

"Mdomo bila miguu."

"Ndiyo, Shemeji."

Nilingoja kikapu. Kikapu hakikuja. Ni afadhali kingekuja.

"Basi kata upya," akasema, akakaa kitandani kwangu. "Nitangoja hapa. Mwalimu, soma kwenye magazeti ya nyuma. Kinyozi ana rundo zima."

Tukafanya kazi sisi watatu mpaka chai ikapoa mara mbili. Kinyozi alileta magazeti, binti akasoma, mimi nikakata, na kila kipande Shemeji alikipima kwa kidole kabla hakijapanda ukutani. "Kirefu hicho. Punguza. Tena." Nilikuwa mwanafunzi wa mtu asiyeona.

Tulipomaliza, hata mimi niliiona bila miwani. Tangu Machi vitambaa vilikuwa vinafupika: tisa, sita, nne, nne. Siku ya arobaini na sita, elfu tatu na nusu. Watu wachache walikuwa wanauziana hisa zile zile na kupigiana makofi. Kisha bei ilipoanza kushuka, vitambaa vikarefuka: nne, tano, sita, leo nane. Miguu ilikuwepo, tena mingi, ila ilikuwa inaelekea mlangoni.

"Uzi hautashika," nikasema. Ni mara ya kwanza msimu huu kusema kitu bila kukipamba.

"Una hakika?"

"Hapana. Lakini ungekuwa mshono, nisingekuruhusu uuvae."

Kidole chake kilikuwa kwenye uzi. Aliubonyeza, ukalia.

"Jicho moja, basi," akasema. "Kesho asubuhi dalali auze."

"Mama Mkubwa, tunaweza kuchanga..."

"Nimesema jicho moja. La kulia. La kushoto halikuwahi kunipenda."

Jumanne, 20 Mei

Dalali amepokea agizo asubuhi. Nilizunguka chumba mpaka nikaanza kumchukia huyo mtu ninayepishana naye kwenye kioo. Jioni akapiga simu: zimeuzwa zote, thelathini na sita.

Jumatano, 21 Mei

Gazeti: bei ilifunga thelathini na tano, wingi elfu kumi na tisa. Kitambaa kilikwisha, nikaunga na kingine. Kifungo kimepita chini ya uzi. Shemeji aliniomba nimwonyeshe. Akapapasa juu ya uzi, hakipo. Chini yake, kipo.

"Ni baridi hapa chini," akasema.

Jumamosi, 24 Mei

Hakuja. Anafua nguo za hospitali. Saa kumi ilikaa hapa peke yake.

Jumanne, 27 Mei

Mvua haikunyesha. Binti alikwenda na Shemeji, mimi wakaniacha, eti nitawatania wauguzi. Amerudi na bandeji kama kofia iliyoteleza. Nimemwona akipita dirishani. Hakuhesabu, alishikwa mkono.

Ijumaa, 30 Mei

Saruji ishirini na tisa. Chini ya mstari wa JICHO MOJA. Kama tungengoja idunde, tusingekuwa hata na hilo. Kinyozi amesema nijivunie. Nimemwambia anyoe.

Jumatatu, 2 Juni

Bandeji imetolewa juzi. Leo saa kumi nimesikia hatua, hazihesabiwi. Nikadhani ni mtu mwingine, nikaendelea kujikuna mgongo kwa ile rula ndefu ya mbao, mlango uko wazi.

"Kumbe umezeeka hivyo!" sauti ikasema.

Alisimama kizingitini, jicho la kulia jekundu na maji maji, ananitazama kutoka miguuni hadi kichwani kama mteja anayekataa suti.

"Nilikuwa nimekuacha na nywele," akasema.

"Ziko kwa kinyozi, kwenye gazeti."

Akaingia, akaenda moja kwa moja ukutani. Akaitazama chati yote, vifungo, uzi, vitambaa vya rangi kumi za masalia ya nguo. Hakuwahi kujua kwamba vina rangi. Akanyoosha kidole kwenye kitambaa cha buluu cha Mei. "Hii ni suti ya marehemu."

"Ni kipande kilichobaki."

Akageuka kuelekea mezani, na jicho lake jipya likatua kwenye daftari hili, wazi, kama nilivyoliacha miezi mitatu. Nikalivutia kitini, nikalikalia. Nimezoea kukalia vitu.

"Ni nini hicho?"

"Viuno vya watu."

"Soma basi."

"Ni siri ya kazi."

Alicheka akaenda zake, lakini alipofika mlangoni aligeuka akatazama kiti changu, siyo mimi.

Jumanne, 3 Juni

Sijatulia tangu jana. Nimelificha daftari chini ya godoro, nikalitoa. Nimeliweka nyuma ya cherehani, nikalitoa. Nilifikiria kuuchana ukurasa wa tarehe sita Mei, nikashika mkasi, lakini nyuma yake kuna vipimo vya hakimu, na hakimu hachanwi.

Shemeji, nimeamua. Leo saa kumi utanikuta sipo, nimekwenda kwa kinyozi makusudi. Daftari liko mezani. Ya futi ulinishika mwenyewe. Ya tarehe sita Mei hukuishika, nimeikunja kona. Isome. Siyo inchi zilizokuangusha mtaroni, ni mimi, na jicho la kushoto lisiloona ni deni la kelele zangu. Ukitaka kunipiga, kikapu kiko nyuma ya mlango, na sasa unalenga vizuri.

Chati sijaishusha. Uzi nimeukata kwenye pini, maana bei ilishaupita.

Ukimaliza kusoma, ukiwa bado unasema na mimi: binti ana mitihani ya kusahihisha, Jumapili hakunitungia hata moja. Tarehe tisa Machi uliniahidi, iko kwenye ukurasa wa viuno vya mchungaji. Sindano nimeichoma kwenye pazia, uzi mweusi uko dirishani. Jicho moja linatosha kabisa, Shemeji. Hata wenye mawili, wakitunga, lile la pili hulifumba.